Hedi ya injini ivuke mpaka na maelezo yake

Mfanyabiashara anayevusha silinda hedi ya mtumba pale Namanga, Busia au Rusumo hubeba risiti na karatasi za ushuru. Mara nyingi hana hata mstari mmoja unaoieleza hedi yenyewe: imetoka kwenye injini gani, imekwanguliwa mara ngapi, ina ufa au haina. Hapo ndipo fedha za wateja wetu zinapopotea, na jina letu pamoja nazo. Hedi isiuzwe ng'ambo ya mpaka bila maelezo ya maandishi, kwa sababu bolti kuingia kwenye matundu yake si ushahidi kwamba hedi inafaa.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari la michezo ambalo watu wa ukanda huu wanalikumbuka vizuri. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Siku hizo mashindano yalikuwa bado yanaitwa kwa jina la Afrika Mashariki nzima. Yapo magari ya aina hiyo yanayotunzwa hadi leo, na mengine hurudi barabarani katika mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa Kenya mwaka 2003.

Injini yake ni L24, yenye silinda sita na ujazo wa lita 2.4. Baadaye Nissan ilitoa L28 ya lita 2.8, ya ukoo uleule, iliyofungwa kwenye 280Z na hata kwenye Patrol. Matundu ya bolti yanalingana. Kwa hiyo hedi mpya zaidi ya L28 hukaa juu ya bloku ya L24 bila ubishi, na muuzaji husema kwa moyo mweupe kabisa: "Inaingia." Ni kweli inaingia. Taabu huanza baadaye.

Hedi ya kwanza ya 240Z, iliyoandikwa E31, ina chumba cha kuunguzia mafuta chenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 42. Hedi ya P90 iliyokuja baadaye ina takriban 53 na nusu. Piga hesabu: injini iliyokuwa na uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 inashuka hadi karibu 7.5 kwa 1. Mteja amelipia hedi mpya zaidi akitarajia nguvu, na gari linapanda mlima likihema.

Hedi ya N42 ina chumba kidogo, karibu na kile cha zamani, lakini valvu zake za kuingiza hewa zina upana wa milimita 44, wakati za E31 ni 42. Silinda ya L28 ina upana wa milimita 86, nayo inazimudu. Ya L24 ina 83 tu, na valvu ikifunguka sana inaweza kugusa ukingo wa silinda. Fundi anayejua hukata nafasi ndogo pale ukingoni kabla ya kufunga. Asiyejua huwasha gari kwanza.

Yapo na mengine. Matundu ya eksozi ni ya mraba kwenye N42 na P90, ya mviringo kwenye N47 na P79, kwa hiyo gasketi na manifoldi havibadilishani hivihivi. Hedi iliyokwanguliwa sana husogeza kamshafti karibu na krankshafti, mnyororo unalegea na valvu zinachelewa kufunguka.

Sisemi kuchanganya injini ni kosa. Ikifanywa kwa hesabu, N42 huipa injini ya zamani pumzi nzuri. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo haiwezekani bila taarifa, na taarifa ziko kwa muuzaji.

Wengi wetu hatuuzi spea za magari ya michezo. Kanuni haibadiliki kwenye Hiace na Hilux. Silinda ya Toyota 2L ina upana wa milimita 92, ya 3L ina 96. Gasketi ya 2L ikifungwa kwenye 3L, ukingo wake unaingia ndani ya silinda. Hiyo ni daladala, matatu au teksi iliyolala gereji huku mkopo wa mwenyewe ukiendelea kudai.

Wapo watakaosema mnunuzi ndiye mwenye jukumu la kukagua. Kwa jirani wa Gerezani au Kirinyaga Road, labda. Mteja wa Gatsata au Bujumbura hugundua kasoro siku kadhaa baadaye, mpaka mmoja au miwili mbali, na nauli ya kurudisha mzigo inaweza kumeza faida yake yote. Huyo harudi kugombana. Hununua kwingine, na huwaambia wenzake.

Dawa yake ni karatasi moja yenye mistari mitano: namba iliyosubiwa kwenye hedi, injini ilikotoka, upana wa valvu, kama imekwanguliwa na imebaki na kimo gani, na kama imepimwa nyufa kwa presha. Chini yake iwe sahihi ya muuzaji na muda wa kurudisha. Iandikwe kwa Kiswahili, ili isomeke Arusha, Goma na Busia pande zote mbili. Vyama vyetu vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuichapisha mwezi huu bila kungoja Bunge la Afrika Mashariki.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuandika bei na deni. Tuandike na bidhaa yenyewe.