Ramani haikuwa mbovu, jamani

Leo naomba radhi hadharani. Masika yaliyopita nilimwandikia kijana mmoja mchora ramani nikamwambia data zao ni mbovu. Nilimwonea.

Nilikuwa natayarisha habari ya mafuriko ya Tandale. Eneo lile limechorwa na watu waliolitembea kwa miguu: kwanza mwaka 2011, kisha mradi wa Ramani Huria mwaka 2015 ukawaingiza wanafunzi na wakazi katika mitaa ya Dar, wakarekodi nyumba, mitaro na njia za maji. Yote yamo OpenStreetMap, bure. Mimi, kwa tamaa, nikapakua Tanzania nzima.

Nikaanza kulifungua faili kutoka hali yake ya kubanwa, nikilielekeza kwenye flashi. Likafika GB 4, likagoma. Flashi ilikuwa na nafasi tele! Kumbe ilikuwa ya mtindo wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa faili kwa tarakimu 32 za kompyuta, basi faili moja haliwezi kufika GB 4 kamili hata nafasi iwe kubwa namna gani. Na wala hapakuwa na haja ya kulifungua, maana programu ya kuingiza ramani, osm2pgsql, hulisoma likiwa limebanwa vilevile.

Nikaijaribu hiyo programu kwenye Linux, laptopu ya RAM GB 4. Ikafanya kazi karibu saa nzima, halafu ikakatika na neno moja tu kwenye skrini: Killed. Hapo ndipo nilipoandika ile barua pepe ya hasira.

Ukweli ni kwamba Linux ikiishiwa RAM huchagua programu inayokula sana na kuiua ili mashine nzima isigande. Sababu huiandika kwenye logi. Dawa ipo: ukitumia --slim, osm2pgsql huhifadhi data za katikati kwenye diski badala ya RAM. Inakwenda polepole, lakini inafika. Bora zaidi, ukate kwanza Dar peke yake kwa osmium. Mimi ilinichukua dakika chache tu.

Wenzangu wa chumba cha habari wanasema dawa ni kompyuta mpya. Sikubaliani nao. Hata wenye mashine kubwa hugota. Mwaka 2013 namba za nukta za OpenStreetMap zilivuka 2,147,483,647, na programu zilizozihesabu kwa tarakimu 32 ikabidi zirekebishwe. Tofauti ni kwamba wao waliuona ukuta kabla ya kuufikia. Sisi tunaugonga, halafu tunamlaumu aliyechora mtaro.

Na ninyi mnaogawa data, hivi kuna ugumu gani kuandika pembeni ya faili kwamba linahitaji RAM kiasi gani? Wahariri nao watupe siku moja ya kuandaa data. Habari yangu ilitoka maji yakiwa yameshakauka, na watu wa bondeni walikuwa wameshaanika magodoro na kuyarudisha ndani.

Yule kijana nimemwandikia tena juzi kumwomba msamaha. Amejibu: "Usijali kaka. Ila ile logi uliisoma?"

Sikuwa nimeisoma.