Tawi la klabu ya Ulaya likija Busia, nani atakula?

Sema ukweli: ukisikia leo kwamba Manchester City wanafungua timu Busibwabo, si utakuwa wa kwanza kupiga picha na jezi? Hata mimi. Lakini kabla tuanze kusherehekea, hebu tuangalie hii biashara inavyoendeshwa.

Klabu kubwa siku hizi hazingoji chipukizi awe staa ndio zimnunue. Zinamiliki timu ndogo nje, zinamlea huko, kisha zinamvuta juu akiiva. City Football Group, kampuni inayomiliki Manchester City, ina timu Marekani, Australia, Uhispania, Ubelgiji, Ufaransa, Italia na Brazil.

Mwangalie Savinho. Mwaka 2022 Troyes ya Ufaransa ilimnunua kutoka Brazil. Hakuwahi kuichezea timu yao ya wakubwa hata mechi moja. Akaenda PSV kwa mkopo, kisha Girona, na 2024 akatua Manchester City. Troyes nao? 2023 walishuka kutoka ligi kuu. Shabiki wa Troyes hapo anashangilia nini?

Afrika pia tumeonja. Ajax ya Uholanzi ilianzisha Ajax Cape Town mwaka 1999 ikiwa na asilimia 51 ya hisa. Steven Pienaar alipitia huko, akaenda Amsterdam, baadaye Everton. Poa sana. Lakini 2018 timu ikashuka daraja, 2020 Waholanzi wakauza hisa zao, na jina la Ajax likaondoka nao.

Mbona nakwambia haya wewe wa Busia au Malaba? Kwa sababu wewe unaelewa mpaka. Unajua bei ya mahindi hubadilika ukivuka tu. Bei ya mchezaji ni vivyo hivyo, na faida humwendea mwenye karatasi.

FIFA ina sheria hii: mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya pesa hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei. Piga hesabu. Kijana aliyechezea timu ya mtaa misimu hiyo minne akiuzwa euro milioni moja, timu inafaa kupata euro 10,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Nunua mipira, viatu, lipa nauli, na bado chapaa inabaki.

Shida ni kwamba pesa hizo hufuata rekodi. Kama kijana hakusajiliwa na Shirikisho la Soka Kenya, FKF, basi machoni pa FIFA hakuwahi kucheza kwenu, hata kama kijiji kizima kinamkumbuka.

Kuna kingine. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa sababu ya soka, lakini watu wa mpakani wana nafasi yao. Ukiishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu ya ng'ambo iwe ndani ya kilomita 50 upande wake, unaweza kusajiliwa huko. Masharti ni uendelee kulala kwenu, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Kwa hivyo mtoto wa Malaba anaweza kuchezea timu ya Tororo kihalali na jioni ale ugali kwa mamake. Wa Nairobi hawezi. Sasa umeona? Tawi moja likiwekwa hapa mpakani linaweza kuchota vijana wa nchi mbili. Tuna kitu cha kuuza, na mwenye kitu hafai kubembeleza.

Wakija, tuulize maswali matatu. Wakiondoka, uwanja utabaki wa nani? Timu ya mtaa iliyomlea kijana imeandikwa wapi kwenye mkataba? Na yule ambaye hatachaguliwa akifika miaka 18, atakuwa amesoma hadi wapi?

Wasipokuja, kazi bado iko. Jumamosi hii ukienda mazoezini, muulize kocha wa watoto: kati ya hawa wote, umesajili wangapi?