Karatasi Zipo, Swali ni Zinasema Nini

“Ardhi ya kimila ni ya wote, haiuzwi.” Wakrobo wa kusini mwa Ghana wangelishangaa dai hili. Katika karne ya 19 walichanga fedha, wakanunua ardhi kwa machifu wa Akyem, wakaikata vipande virefu vilivyopimwa kwa kamba, kila mmoja kadiri ya mchango wake. Waakan wa Ghana nao wana guaha, tendo la kimila la kukamilisha mauziano ya ardhi mbele ya mashahidi. Kisichouzwa kingehitaji guaha ya nini?

“Wakulima hawana nyaraka.” Wanazo, tena nyingi. Huko Côte d'Ivoire watu huandikishana kwenye karatasi ya daftari: majina, kiasi kilicholipwa, sahihi au dole gumba, mashahidi, pengine na mhuri wa chifu. Kasoro ni kwamba mara nyingi karatasi hiyo haisemi kilichotolewa ni nini hasa. Mgeni anaamini amenunua. Mwenyeji anaamini amemkaribisha mtu alime kakao, naye ataendelea kutoa shukrani kila mavuno na kila msiba. Wazee wawili walioelewana huishi hivyo miaka mingi bila neno. Mwenyeji akifa, wanawe wanarudi kutoka mjini na kudai kuwa baba hakuuza chochote.

“Basi serikali itoe hati, ugomvi uishe.” Mwaka 1963 Rais Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire alitangaza kuwa ardhi ni ya anayeiendeleza, na wahamiaji wakafyeka msitu kwa imani hiyo. Sheria ya 1998 ikaja kusema kuwa mmiliki wa ardhi ya vijijini ni dola, taasisi za umma au raia wa Côte d'Ivoire. Mkulima mwenye asili ya Burkina Faso asiye na uraia, hata awe amezaliwa palepale, akabaki mpangaji kwenye mikakao ya baba yake. Hati hapo inamtaja mshindi tu.

Eti hati huleta mkopo? Benki gani itahangaika na shamba ambalo, likinadiwa, hakuna jirani atakayethubutu kulinunua?

“Mila humlinda mnyonge.” Huko Akwapim, Ghana, wachumi Goldstein na Udry waligundua kuwa wenye vyeo hulaza mashamba yao bila kuyalima muda mrefu zaidi, hivyo huvuna zaidi. Wanawake hulaza kidogo, kwani shamba lililolazwa laweza kupewa mwingine.