Kufuli la Landilodi Si Sheria

Wasee, leo hakuna vichekesho. Wale mlikuja kuniona nikiiga keateka akibisha tarehe 5, hiyo video bado iko, itazameni halafu mrudi. Hii nimeandika kwa sababu dakika moja ya video haitoshi, na kwa sababu nimechoka kusoma komenti za "lakini si nyumba ni yake?"

Wacha nianze na maharagwe.

Mathe ana hoteli Umoja. Msifikirie hoteli ya kulala. Nasema hoteli ya chapo, madondo na chai ya alfajiri, meza 4, benchi 8. Amekuwa kwa hilo jengo miaka 11. Mimi nimekulia pale, kazi ya shule nikiifanyia juu ya gunia la unga. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, ni pale pale nilianza kuhariri video, nimejibanza kando ya friji, nikichaji simu kwa stima yake. Kwa hivyo mkiniuliza hasla yangu ilianzia wapi, ilianzia kwa hiyo hoteli.

Mwaka jana, Ijumaa moja jioni, keateka alipita akasema kwa mdomo tu: kuanzia mwezi ujao kodi inatoka 18,000 inakuwa 30,000. Hakuna barua, hakuna nini. Mathe akasema atazungumza na mzee mwenyewe. Mzee hakushika simu. Tarehe 3 mathe akatuma 18,000 kwa M-Pesa kama kawaida, na pesa ikaingia. Jumatatu iliyofuata tukafika saa kumi alfajiri, tukapata kufuli jipya juu ya letu.

Ndani kulikuwa na sufuria ya maharagwe yaliyochemshwa usiku, unga uliokandwa wa chapati kama 60, mtungi wa gesi na kitabu cha madeni ya wateja. Mathe akapiga simu, safari hii mzee akashika. Nilikuwa nimesimama kando yake nikamsikia: "Mzee, tafadhali, nifungulie tu nitoe chakula. Mengine tutaongea." Simu ikakatwa. Siku ya tatu harufu ilianza kutoka chini ya mlango. Kinyozi wa jirani akafunga dirisha lake, na mathe akamwomba msamaha. Hebu fikirieni hapo kidogo. Aliyefungiwa ndiye aliyeomba msamaha kwa harufu ya chakula alichofungiwa.

Kosa lenyewe tulilijua baadaye. Kuna mtu alitaka kufungua duka la pombe hapo, na alikuwa amemwahidi mzee gudwili ya 300,000.

Sasa turudi kwa "nyumba ni yake".

Ni kweli, nyumba ni yake. Hakuna anayebisha. Lakini kila mwezi akipokea kodi, amekuuzia haki ya kukaa humo na kufanya biashara yako. Huwezi kuuza kitu, ukapokea pesa, halafu ukarudi usiku kukichukua. Mtu wa kawaida akifanya hivyo huwa tunamwita jina moja tu.

Na hii si falsafa yangu. Kenya ina sheria iliyotungwa mwaka 1965, Sura ya 301, ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula. Ina umri mkubwa kuliko mathe. Inasema hivi: kama umepanga duka bila mkataba wa maandishi, au una mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, upangaji wako unalindwa. Soma tena hapo. Bila maandishi unalindwa. Wengi wetu tunadhani kukosa mkataba ndiko kunatufanya tufukuzwe kama kuku, na hiyo sheria iliandikwa ikijua kabisa kwamba watu wetu hupangana kwa mdomo. Na "duka" humo si la kuuza bidhaa tu. Ukitoa huduma kwa malipo, uko ndani. Kinyozi, saluni, saiba, fundi wa simu, wote wamo.

Kama unalindwa, landilodi hawezi kukutoa wala kukuongezea kodi kwa mdomo wa keateka. Lazima akupe notisi ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, ya miezi isiyopungua 2, iseme sababu. Na sababu si ile ameota. Zimeorodheshwa. Kwa mfano, umekosa kulipa kodi kwa miezi 2 baada ya siku yake kufika, au wewe ni mtu wa kuchelewesha kila mara. Au anataka kubomoa na kujenga upya, na hawezi kufanya hivyo ukiwa ndani. Au anataka kuitumia mwenyewe kwa angalau mwaka mmoja, na hata hapo, kama alilinunua jengo chini ya miaka 5 iliyopita, hiyo sababu haimsaidii. "Nimepata mtu ana gudwili" haimo. Nimeitafuta mstari kwa mstari, kwa simu iliyopasuka kioo, saa nane usiku. Haimo.

Ukipata hiyo notisi na hukubali, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, halafu upeleke lalamiko kwa jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara, lile linaitwa BPRT, kabla ya siku ya notisi kuanza kufanya kazi. Ukishapeleka, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Ukinyamaza, imekula kwako. Hata kupiga mnada vitu vyako kwa ajili ya kodi, landilodi wa upangaji kama huu anahitaji ruhusa ya jopo kwanza.

Na hilo neno gudwili, maze, hilo ndilo hunikera kuliko yote. Kwa sheria, gudwili ni ya mpangaji. Ni lile jina ulilojenga, wateja waliozoea mlango wako, yule mtu wa mjengo anayejua saa kumi na moja chai iko tayari. Jopo lina uwezo wa kuamuru ulipwe fidia ya gudwili yako ukitolewa. Lakini huku kwetu neno limegeuzwa kichwa chini. Gudwili sasa ni pesa unayompa landilodi ili akuruhusu uingie mahali ambapo mpangaji mwingine alivuta wateja kwa miaka 11. Yaani mathe alipika, jina likakua, halafu jina likauzwa na mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai pale ndani.

Najua kuna watoto wa malandilodi hapa, na wengine mtaniambia baba yenu ana mkopo wa benki na wapangaji wasumbufu. Nawaamini. Kuna mpangaji anakaa miezi 7 bila kulipa, halafu anahama usiku na milango. Huyo simtetei, na hata sheria haimtetei. Miezi 2 ya deni tayari ni sababu ya kumtoa. Ninachosema ni kimoja: apewe notisi, apelekwe kwa jopo, atolewe kwa amri. Kama kesi yako ni ya haki, kwa nini uanze na kufuli?

Jibu ninalo, na ndilo lilinifanya niandike. Kufuli la shilingi 500 linashinda sheria ya 1965 kwa sababu sheria inahesabu miezi, na sisi tunahesabu siku. Hoteli ya mathe ilikuwa inauza kama 6,000 kwa siku. Ikifungwa siku 8, hiyo ni 48,000 haikuingia. Hapo bado hujaweka maharagwe, wala chama alichokosa kuchanga, wala wateja walioonja chai ya kwingine wakaipenda. Landilodi kwa hizo siku 8 amepoteza nini? Hakuna. Kodi ya mwezi alikuwa ashapokea. Kwa hivyo hahitaji kuwa na haki. Anahitaji tu kungoja mpaka njaa ikufanye umpigie useme, "Sawa mzee, nitahama, nipe tu vitu vyangu." Njaa inafanya kazi ambayo jopo lingekataa kufanya.

Ndiyo maana "si utafute kwingine" ni ushauri mbaya hata ukitolewa kwa roho safi. Kwingine kuna diposti, kuna gudwili, na hakuna mtu anayekujua. Na landilodi wa kwingine naye ana keateka na ana duka la kufuli karibu.

Tulienda polisi. Tukaambiwa hayo ni mambo ya madai, tukaelewane na mwenye nyumba. Afisa hakuwa mkali hata, alikuwa amechoka tu. Mathe akataka kuachia hapo. Kwake, kumpeleka mzee kortini ni kukosa adabu. Aliniambia, "Huyu mtu alininunulia soda nilipofungua hoteli. Tusisumbuane." Tulikosana usiku huo, na si kidogo. Nilimwambia soda ya miaka 11 iliyopita haiwezi kuwa kodi ya maisha. Akaniambia mimi niliyeshindwa kumaliza chuo nisimfundishe sheria. Iliniuma kwa sababu ni kweli sikumaliza. Asubuhi tukaenda pamoja bila kuongea, tukiwa na jumbe za M-Pesa za kodi ya kila mwezi na picha ya kufuli.

Jopo lilitoa amri ya muda afungue. Siku ya nane kufuli likatoka. Kesi yenyewe bado inaendelea, sitaandika mengi. Mathe bado anapika. Mzee akipita hasalimii, na hilo linamuumiza mathe kuliko mlivyoweza kudhani.

Lakini landilodi peke yake hakutufunga. Jengo lile lina maduka 11. Asubuhi ile, wapangaji 10 walifungua milango yao, wakatuangalia, wakaanza kufagia. Mmoja tu, yule kinyozi, alikubali kuandikisha kwamba aliona kufuli likiwekwa. Wengine walituambia kwa sauti ya chini, "Mungu atawasaidia." Siwachukii. Walikuwa wanaogopa kuwa wanaofuata. Lakini ndio wanaofuata, sasa kwa sababu walinyamaza mzee anajua bei ya kunyamaza kwao. Kama maduka yote 11 yangefungwa kwa siku moja tu na wapangaji wote wasimame mbele ya mlango wa mathe, hilo kufuli lisingefika saa sita mchana. Kodi ya maduka 11 hata mwenye mkopo wa benki anaihesabu kwa siku.

Na sheria nayo isijifanye malaika. Haiwalindi wapangaji ambao landilodi wao ni serikali yenyewe, ya kitaifa au ya mtaa. Yaani msee wa kibanda kwa soko la umma, ambaye pengine ndiye mnyonge kuliko mathe, hana huo mlango wa jopo kama upangaji wa kulindwa. Serikali ilijitoa kwenye sheria iliyowawekea wengine. Wabunge wanaokuja mtaani kutuomba kura wakipiga picha na chapati mkononi, waulizeni hilo kabla hawajameza.

Wewe uliye na saluni, uliyekodi kachumba kadogo uuze nguo za mtumba, fanya haya leo, kabla hujapata shida. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama, si kumwekea keateka noti mkononi. Dai kitabu cha kodi. Kisheria ni jukumu la landilodi kukiweka na kukupa nakala. Ukipewa karatasi ya kusaini, soma kama inakuita mpangaji au inakupa tu "leseni" ya kutumia nafasi, maana kuna wanaotumia hilo neno kukwepa sheria. Ukiongezewa kodi kwa mdomo, omba kwa heshima iandikwe. Na tengenezeni kikundi cha wapangaji wa jengo lenu sasa, wakati bado mnasalimiana na landilodi. Mimi si wakili, kwa hivyo mambo yakiwa mazito tafuta mmoja. Lakini usingoje wakili ndipo ujue kwamba mlango wako haufungwi hivi hivi.

Mathe ameniambia nisiweke jina la mzee wala la hoteli, na nimemtii. Ameniambia pia niache kuita watu "wasee" kwa mambo mazito. Hilo bado tunabishana.

Kesho saa kumi na moja asubuhi chai itakuwa tayari.