Mkimbiaji Akivua Viatu, Elimu Yake Huenda Wapi?

Liko neno moja la Kiswidi ambalo vijana wanaofanya mazoezi ya mbio katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, hulitamka bila ya kujishughulisha lilikotoka. Neno lenyewe ni fartlek. Maana yake ni mchezo wa kasi: mtu hukaza mbio kitambo, akalegeza, akakaza tena, kwa kadiri ardhi inavyopanda na kushuka. Aliyeubuni utaratibu huo ni Gösta Holmér, mwanariadha wa Uswidi aliyeshindana katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Ujana ulipomwisha hakukaa kitako kusimulia mashindano yake. Aligeuka mwalimu wa wakimbiaji wa nchi yake, na katika miaka ya 1930, Waswidi walipokuwa wakitiwa vumbi na jirani zao Wafini, akawatafutia dawa. Dawa ikafaa. Mwaka 1945 Mswidi Gunder Hägg alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 1.4, na rekodi ile haikuvunjwa ila baada ya miaka 9.

Nimeanza na Mswidi huyo kwa kusudi. Aliyoyafanya Holmér uwanjani mwaka 1912, leo ni wachache mno wanaoyakumbuka. Aliyoyafundisha yanapita kwenye barabara za udongo mwekundu kando ya mashamba ya chai, maelfu ya maili kutoka kwao, katika miguu ya watoto wasiolijua jina lake. Hapo tunajifunza kwamba mbio za mtu zina mwisho, lakini mafunzo yake si lazima yaishe naye. Nami nasema kwamba Kenya, inayosifiwa kote duniani kwa wakimbiaji, haijaipa nusu hii ya pili ya kazi yao heshima wala mpango unaostahili.

Tuitazame Kericho yenyewe. Tarehe 16 Oktoba 1964, mjini Tokyo, askari wa Jeshi la Kenya aliyezaliwa Kericho, Wilson Kiprugut arap Chuma, alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Uhuru wa Kenya ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Shaba ile ndiyo iliyokuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kuletwa nchini humu. Mwaka uliofuata, huko Brazzaville, alitwaa dhahabu mbili, ya mita 400 na ya mita 800, katika Michezo ya kwanza ya Afrika. Na mwaka 1968 mjini Mexico City aliongoza kwa sehemu kubwa ya mbio, akapitwa mwishoni na Ralph Doubell wa Australia, akatoka na fedha. Ilimpasa Doubell kuifikia rekodi ya dunia ndipo ampite.

Mzee Kiprugut alifariki Novemba 2022. Hebu tupige hesabu, ndugu msomaji. Kutoka shaba ya Tokyo hata fedha ya Mexico ni miaka 4. Kutoka Mexico hata kaburini ni miaka 54. Sisi tuliishangilia ile minne. Lakini katika ile hamsini na minne, mtu huyu alikuwa amebeba kichwani elimu isiyopatikana dukani: namna ya kuongoza mbio bila ya kujimaliza, namna ya kuvuta pumzi mahali penye hewa nyepesi, namna ya kusimama mbele ya ulimwengu nawe unatoka nchi changa isiyojulikana. Nauliza: elimu ile imeandikwa wapi? Ni nani aliyekabidhiwa?

Na usidhani kwamba mbegu imekauka. Beatrice Chepkoech, binti wa nchi hiyo hiyo ya chai, aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Monaco, mwaka 2018. Mwaka 2025, katika uwanja uliojengwa pale pale ulipokuwa ule wa 1964, Beatrice Chebet wa Londiani alitwaa dhahabu mbili za dunia, mita 5,000 na mita 10,000, kama alivyofanya katika Olimpiki ya Paris mwaka mmoja nyuma. Kutoka shaba ya Kiprugut hata dhahabu za Chebet, Tokyo ile ile, ni miaka 61. Uzi umenyooka kweli. Ninalouliza ni kama tumeusokota kwa mikono yetu, au twauokota tu kila mara Mungu anapotujaalia.

Sisi tuliosomea vyuo vya Kurani huku pwani tulikuta desturi moja. Mtu hawi mwalimu kwa sababu ana sauti nzuri ya kusoma. Huulizwa: umesoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani? Akiridhiwa hupewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na jina lake hutiwa katika mnyororo wa walimu waliomtangulia. Wala jambo hili si geni kwa Wakipsigis. Katika jando lao yuko motiriot, mlezi anayewafunda vijana, na si kila mpita njia anayeachiwa kazi hiyo, kama vile pwani mwari hakabidhiwi kwa kungwi asiyejulikana. Basi iweje jambo la mbio, linalolisha jamaa na kuipa nchi jina, tuliache holela, kila mwenye saa ya kupimia mbio na filimbi shingoni ajiite kocha?

Watakuwako watakaonijibu kwamba si kila mkimbiaji hodari ni mwalimu hodari. Kweli kabisa. Tena ushahidi wao uko karibu: Bruda Colm O'Connell, Muayalandi aliyefika Iten mwaka 1976 kusomesha shule ya St Patrick's, hakuwa mkimbiaji wala mtaalamu wa riadha, na mikononi mwake akapita David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ushahidi huo wanisaidia mimi, hauniangushi. Waonyesha kwamba ualimu ni kazi yenye elimu yake, inayotaka subira na miaka, na kwamba hata mkimbiaji mwenye nishani lazima arudi darasani kujifunza kufundisha.

Aliyefanya hivyo akafaulu yuko jirani tu, Nandi. Patrick Sang alipata fedha ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, na fedha nyingine mbili katika mashindano ya dunia, mwaka 1991 na 1993. Fedha tatu, dhahabu hata moja. Alipovua viatu akawa mwalimu. Kijana mmoja wa kwao Kapsisiywa akamwendea kumwomba mpangilio wa mazoezi, naye hakumfukuza. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki wa marathoni mara mbili. Dhahabu aliyoikosa Sang kwa miguu yake, aliipata kwa miguu ya mwanafunzi wake. Lakini Sang alijitengenezea njia mwenyewe. Wangapi wa kiasi chake wamebaki mashambani mwao, hakuna aliyekwenda kubisha hodi?

Jambo hili si la fahari tu. Katika mashamba makubwa ya chai, mashine za kuchuma zimechukua kazi za mikono mingi, na Mei 2023 hasira ilifika hadi mashine kuchomwa moto huko Kericho. Kijana anayeona mlango wa chai unafungwa huutazama mlango wa mbio. Akienda huko bila ya mwalimu mwaminifu, atakutana na wauza dawa za kuongeza nguvu. Aibu ya dawa hizo ilifika mahali ambapo, mwishoni mwa 2022, Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa, na serikali ikaahidi dola milioni 25 kwa miaka 5 kupambana nazo. Na wasichana wana hatari zao zaidi. Agnes Tirop, mshindi wa nishani za dunia, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na wenzake wakaunda Tirop's Angels kuwatetea wanawake dhidi ya ukatili. Mtoto wa kike mwenye kipaji na fedha zinazokuja mbele yake anahitaji mlezi anayejulikana, mwenye jina la kuchunga na mahali pa kushtakiwa.

Yanayotakiwa si makubwa. Kaunti za Kericho na Bomet ziwaandikishe wakimbiaji wao wa zamani, wanaume kwa wanawake, ziwapeleke mafunzoni, na atakayefuzu apewe cheti na mshahara, apangiwe shule za kufundisha. Asiye na cheti asiruhusiwe kuweka kambi ya watoto. Na walimu wanawake wawe wengi kuliko ilivyo desturi. Uwanja wa Kericho Green ulikarabatiwa kwa sherehe za Siku ya Mashujaa za mwaka 2023, na vizuri ulikarabatiwa. Lakini uwanja bila mwalimu ni msikiti bila imamu: mikeka imetandikwa, watu wamesimama safu, hakuna wa kuwaongoza.

Wako wengi wa rika la baada ya Kiprugut walio hai bado, miguu imechoka lakini akili ni kali. Waitwe sasa, wakiwa na nguvu za kusimama uwanjani. Tusingoje kuwaandikia tanzia.