Mama zetu wawe na kauli katika ulinzi

 

Ndugu Waislamu, hapa Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, kama ilivyo Usukumani kote hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, ukitajwa ulinzi fikra zetu huwaendea wanaume wa sungusungu, filimbi na mishale. Tunawashukuru. Jeshi hilo la jadi lilichipuka pande hizi za Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa mifugo na majambazi, na mwaka 1989 Bunge likalitambua kisheria.

Lakini tujiulize: ni nani hasa aliyekosa usalama miaka yote hii? Jibu tunalijua sote. Ni bibi kizee, aghalabu mjane, aliyekatwa mapanga usiku nyumbani kwake kwa kuwa macho yake ni mekundu. Wekundu huo si uchawi. Ni moshi wa mafiga wa umri mzima, katika nchi iliyofyekwa miti, ambako mama hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mara nyingine macho ni kisingizio tu. Kinachotakiwa ni shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Kisha, kuanzia mwaka 2007 na 2008, nchi ikatikiswa na mauaji ya ndugu zetu albino, kwa uongo wa wapiga ramli kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao.

Wala tusifiche: katika miaka ya mwanzo, baadhi ya vikundi vya sungusungu navyo viliwaandama bibi hao kwa tuhuma za uchawi. Bibi angejitetea wapi, ikiwa waliokaa kumhukumu ni wanaume watupu, na pengine yumo anayelitamani shamba lake?

Mama huyajua mengi mapema. Kisimani na mashineni husikia nani ananong'onwa na ni mgeni gani aliyeingia mtaani kupiga ramli. Usiku yeye ndiye apigaye yowe. Asubuhi mashauri yakikatwa, hayupo.

Wapo watakaosema kuwa mambo ya vita na amani hayamhusu mwanamke. Hao tunawakumbusha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba wa amani ulipokwisha kuandikwa, sahaba walikuwa na huzuni, wakaamriwa kuchinja na kunyoa lakini hawakuinuka. Mtume (S.A.W.) akaingia kwa mkewe, Ummu Salama, naye akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje na anyolewe. Akaufuata ushauri huo, na watu wakainuka. Basi sisi ni nani hata tuone aibu kumshauri mwanamke?

Dunia nayo imelizungumza jambo hili. Oktoba 31, 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325, likitaka wanawake washiriki katika maamuzi ya amani na usalama. Jirani zetu Kenya walizindua mpango wao wa taifa mwaka 2016, wakauita Kuhusisha ni Kudumisha. Na hapa kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Ikiwa mama anaaminiwa katika mpaka wa shamba, vipi asiaminiwe katika uhai wa jirani yake?

Kwa hiyo tunasema: kamati za ulinzi za mitaa na vijiji ziwe na wajumbe wanawake wenye kauli, si wa kupika chai ya kikao. Bibi akituhumiwa, wazee wa msikiti na akina mama waende kwake mchana kweupe, wakae naye, na polisi wajulishwe kabla ya usiku kuingia.

Na kila mzazi aanze nyumbani. Asiende kwa mpiga ramli kutafuta mchawi wa mwanawe, kwani jina litakalotajwa huko huenda likawa la mama wa mtu. Huenda likawa la mama yako.

Allah atuwafikishe. Amin.