Paa, Gobori na Kisu

Mama mmoja wa Marereni ametufikishia suala ambalo twaona linawagusa wengi. Mumewe alirejea jioni na mapaja mawili ya paa, aliyoyanunua kwa kijana apitaye na baiskeli nyuma ya mashamba ya chumvi. Kijana aliapa kuwa nyama ni halali, mnyama kapigwa bunduki kama walivyopiga wazee. Mama akateleka, watoto wakala, na usiku moyo ukamsuta. Je, alichowalisha wanawe ni kitoweo au ni kibudu?

Wazee walipiga kweli, hatukatai. Gobori ni bunduki ya kushindilia: baruti humiminwa mdomoni mwa kasiba, kikafuata kitambaa, kisha risasi au marisaa, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Za kale ziliwashwa kwa jiwe la gumegume, za baadaye kwa fataki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, hizi za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango. Mwenye gobori alikuwa na mlio mmoja tu; kabla hajashindilia wa pili, paa amekwishavuka kichaka cha tatu. Basi alinyemelea mpaka karibu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akafyatua, kisha akakimbia na kisu mkononi amuwahi mnyama angali hai. Wanaosifu mlio wa bunduki ya babu husahau kile kisu.

Nacho ndicho chenye hukumu. Mtume (S.A.W.) alimfunza Adi bin Hatim (R.A.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa windo lililochomwa kwa ncha huliwa, na lililouawa kwa ubapa haliliwi, kwani limekufa kwa kipigo. Aya ya tatu ya Suratul Maida imemharamisha aliyekufa kwa kipigo, na kabla yake aliyenyongwa. Vitabu vya fiqhi viliita bunduq kijidonge cha udongo cha kuwindia, na humo ndimo lilimotoka neno letu bunduki. Madhehebu yetu ya Shafii yalikataa windo lililouawa nacho, kwa kuwa huua kwa uzito si kwa makali. Ilipokuja risasi wanavyuoni walikhitalifiana. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliihalalisha kwa kuwa hupenya. Wengi katika Mashafii walibaki na katazo. Mnyama akiwahiwa hai akachinjwa, khitilafu yote huondoka.

Lakini tusidanganyane. Gobori ngapi zimebaki katika vichaka vyetu? Paa wa siku hizi hunaswa kwa waya, au hukimbizwa kwa mbwa na tochi. Aliyekutwa amekufa wayani amenyongwa, na hapo hapana khitilafu. Tena uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 yamshika mwindaji, muuzaji na hata anayepatikana na nyama. Yule baba alipita njiani na kifungo ndani ya kikapu.

Wako watakaotukumbusha hadithi ya Bi Aisha (R.A.), ya watu walioletewa nyama wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, wakaamrishwa wao wenyewe wapige Bismillahi wale. Ni hadithi sahihi. Ila ile ilikuwa nyama ya Waislamu waliojulikana kuwa wachinja, shaka ikawa katika kutaja tu. Hapa hatujui hata kama kisu kilipita.

Kwa hiyo, dada yetu, wewe na wanao hamna dhambi kwa mlichokila bila kujua. Kilichobaki kifukiwe, na sufuria ioshwe vyema kwa maji safi. Mumeo usimgombeze, nyama ya buchani ni ghali, naye alitaka kuwafurahisha watoto. Mweleze taratibu akishakula, na siku hiyo mpikie samaki.